Kioo cha Pikapu Kimegoma: Vidokezo 13 vya Kubadilisha Mota na Mashine Yake

Kioo cha mlango wa dereva kiligoma kikiwa chini kabisa. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea, nami natoka Ilula na nyanya kwenye Hilux dabo kebini. Nilipofika Mikumi mvua ikaanza. Niliendesha hadi Morogoro bega la kulia limeloa chapachapa, swichi za mlangoni zinachuruzika maji, na usiku ule dirisha likafunikwa kwa mfuko wa mbolea. Asubuhi fundi akabonyeza swichi mara mbili, akasema, "Bosi, mota imekufa," akaweka nyingine. Ilidumu miezi mitatu.

Aliyenifungua macho ni fundi wa pili, mzee mmoja mwenye kigereji cha mabati hukohuko Morogoro. "Mota haifi tu, mwanangu," aliniambia. "Inauawa. Wewe umemzika marehemu, muuaji ukamwacha ndani ya mlango."

Tangu siku hiyo nimefungua milango ya pikapu kadhaa, yangu na ya jamaa zangu, na maneno yake hayajawahi kunidanganya. Haya hapa niliyoyaokota njiani. Nitazungumzia zaidi Hilux, hasa ile tunayoiita Vigo, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu vizuri, lakini mengi yatakufaa hata kama gari lako ni D-Max, Ranger au Navara.

Kwanza tuelewane majina. Mota ni kile kidude cha umeme kinachozunguka. Mashine ya kioo, ambayo wengine huiita reguleta, ni mikono ya chuma au kebo inayokibeba kioo na kukipandisha. Viwili hivyo vimefungwa pamoja ndani ya mlango, na watu wengi wakisema "mota" huwa wanamaanisha vyote. Ukienda dukani bila kuvitenganisha, utarudi na kitu kisicho chako.

1. Sikiliza kabla hujagusa bisibisi

Zima redio, zima feni, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha bonyeza swichi ya kioo huku sikio likiwa karibu na mlango. Mlango utakueleza mengi.

Ukisikia mota inazunguka vizuri lakini kioo hakitikisiki, umeme upo na mota ni nzima. Kilichoharibika ni mashine: kebo imekatika, gia imelika meno, au kioo kimechomoka kwenye kishikio chake. Ukisikia mkwaruzo na vitu vinavyopasukapasuka, hiyo ni kebo inayojisokota kwenye kapi lake. Acha kubonyeza mara moja, maana kila ukibonyeza unaongeza uharibifu. Kioo kikipanda upande mmoja tu kama jahazi lililolala, tazama vigurudumu vya plastiki na vishikio vya kioo.

Na ukisikia kimya? Tazama taa za dashibodi, au fanya jaribio hili usiku taa ya ndani ikiwa inawaka. Ukibonyeza swichi na taa zikafifia kidogo, umeme unafika kwenye mota ila mota imekwama. Zisipofifia hata chembe, umeme haufiki, au mota imekatika kwa ndani. Jaribio hili halina gharama yoyote, na limewahi kuniepusha kununua mota mbili.

2. Maliza kwanza visivyo na gharama

Kwenye swichi kubwa ya dereva kuna kitufe cha kufunga vioo vya abiria. Mtoto akikibonyeza, milango mitatu "inakufa" kwa pamoja. Kiangalie hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha fyuzi. Fyuzi ya vioo kwa kawaida ni ya ampea 20 hadi 30, na mchoro wake umo kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikiungua tena usiipandishe daraja, na waya wa shaba usiuingize pale kabisa. Fyuzi inayoungua mara mbili inakuambia kuna waya uliochubuka au mota inayovuta umeme kupita kiasi, na ukiinyamazisha, kitakachoungua baadaye ni waya zilizo nyuma ya dashibodi.

Kioo cha abiria kikigoma, kijaribu kwa swichi yake na kwa swichi ya dereva. Kikiitika moja na kukataa nyingine, huna haja ya mota. Una ugonjwa wa swichi au wa waya.

3. Piga mlango

Mwambie mtu ashikilie swichi, nawe ugonge kava la mlango kwa ngumi iliyofungwa, pale chini ya kitasa, si kwa hasira bali kwa kishindo cha wastani. Mota ikizinduka, ujue brashi zake za kaboni zimelika. Ni zile ndogo zinazogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme. Kishindo kinazisogeza, zinagusa tena kwa muda.

Wengi wakifika hapa hushukuru na kuendelea na safari. Nakusihi usifanye hivyo. Kioo kikishapanda kwa kupigwa, kiache juu, usikiteremshe tena hadi siku ya matengenezo. Mota iliyozinduka kwa ngumi haina ahadi, nayo hupenda kugoma kioo kikiwa chini.

4. Kunjua ule mpira wa kwenye bawaba

Kati ya mlango na bodi kuna mpira mweusi uliokunjamana kama koo la kuku. Waya zote za mlango hupita humo, na kila ukifungua mlango hukunjwa, kila ukifunga hunyooshwa. Gari la kazi, linalofunguliwa mara hamsini kwa siku sokoni, hukata waya hapo hata kama kila kitu kingine ni kizima. Wakati mwingine ganda la waya linaonekana salama kumbe shaba ndani imekatika. Bonyeza swichi ya kioo huku ukiusogeza mlango taratibu, ukiufungua na kuufunga. Kioo kikishtuka, umempata mhalifu, na unahitaji kipande cha waya na risasi ya kulehemu tu.

5. Kava la mlango litoke kwa upole

Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa magari ya Toyota yenye mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika waya, ili umeme uliobaki kwenye mfumo huo uishe. Betri utairudisha baadaye kwa ajili ya vipimo.

Kwenye Hilux mpango ni mwepesi ukiujua. Kuna skrubu nyuma ya kitasa cha ndani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kuna nyingine kwenye sehemu unayoshika kuvuta mlango. Paneli ya swichi inanyanyuliwa kwa kitu bapa kisichokwaruza, na plagi zake zinachomolewa kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta waya. Kipembe cha plastiki kilicho karibu na kioo cha pembeni kinatoka kwa kuvutwa.

Baada ya hapo kava linashikiliwa na klipu za plastiki kuzunguka ukingo. Ingiza vidole chini kwenye kona, vuta kwa mkupuo mfupi, sogea, vuta tena. Klipu zikishaachia zote, usivute kuelekea kwako. Linyanyue kava juu, kwa sababu limening'inia kwenye ukingo wa kioo. Hapo ndipo makava mengi huvunjikia.

Nunua klipu kumi za akiba kabla ya kuanza. Ni za bei ndogo, na mbili au tatu lazima zivunjike, hasa kwenye gari lililozeekea juani. Mlango uliorudishwa bila klipu zake huanza kulia kwenye rasta za barabara ya vumbi, na kelele hiyo haiishi.

6. Ile nailoni si takataka

Nyuma ya kava utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi laini inayonata kama ulimbo. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Naumia kila nikiona hivyo.

Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, hupita kando ya kioo, yakashuka na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini. Mlango umetengenezwa uishi hivyo. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wako. Ikikosekana, yanaloanisha kava hadi linavimba, yanafika kwenye spika, yanashukia zulia, na baada ya masika moja gari linanuka ukungu usiojua unatoka wapi.

Ibandue polepole kuanzia kona ya juu, ukiikata gundi kwa kisu butu, na uikunje bila mchanga kuishika gundi. Ikiwa mwenzako aliyetangulia alishaitupa, kata nailoni nene ya ujenzi kwa kufuatisha umbo la mlango. Inafanya kazi vizuri kabisa.

7. Pima umeme kwa balbu

Rudisha betri, unganisha swichi, chomoa plagi ya mota. Mota ya kawaida ina waya mbili. Ukibonyeza juu, waya mmoja unakuwa chanya na mwingine hasi. Ukibonyeza chini, vinabadilishana. Ndivyo mota inavyojua upande wa kuzungukia.

Maltimita itakuonyesha volti 12 nawe utaridhika, lakini waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba pia huonyesha volti 12 mradi hakuna kinachovuta umeme. Tumia balbu ya indiketa, ya wati 21. Hiyo huvuta karibu ampea 2. Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, waya na swichi ni vizima na lawama ni ya mota. Ikiwaka kwa unyonge, rudi kwenye kidokezo cha 4 au fungua swichi uone vigusio vilivyoungua.

Kama plagi ina waya zaidi ya mbili, kama ilivyo kwa baadhi ya mota za upande wa dereva zenye kupanda kwa mguso mmoja, usiingize umeme wa betri kwa kubahatisha. Ndani mna kifaa cha kielektroniki kinachohesabu mizunguko, na kosa moja linakiunguza. Mpe fundi umeme wa magari mwenye mchoro wa waya.

8. Kioo kishikiliwe kabla ya bolti kulegea

Mashine ndiyo inayobeba kioo. Ukiifungua bila kukishika, kioo kinaanguka ndani ya mlango, na hata kisipovunjika kinaweza kukukata.

Kiteremshe au kipandishe hadi bolti zake mbili zionekane kwenye matundu ya mlango. Mota ikiwa imekufa kabisa, itabidi ufungue mota ndipo usogeze kioo kwa mkono, lakini soma kwanza kidokezo kinachofuata. Kwenye Hilux bolti karibu zote humu ni za soketi namba 10. Zikishatoka, sukuma kioo juu kabisa kwa viganja, kisha kifunge kwa selotepu pana kutoka upande wa ndani, juu ya fremu ya mlango, hadi upande wa nje. Weka mistari mitatu, na ufute vumbi kwenye kioo kwanza, la sivyo selotepu itaachia ukiwa umeingiza mkono. Vaa glovu na shati la mikono mirefu, kwa sababu kingo za bati la ndani ya mlango ni kali.

9. Iogope springi

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Mashine za kioo ziko za aina mbili. Ya kebo ina reli moja au mbili, kebo nyembamba, na makapi ya plastiki. Ya mikasi, ambayo ndiyo ya milango ya mbele ya Hilux, ina mikono miwili ya chuma iliyopishana kama mkasi, na gia kubwa yenye umbo la nusu mwezi inayosukumwa na kigia kidogo cha mota. Kwenye hii ya mikasi mara nyingi kuna springi bapa iliyoviringwa kama ya saa ya ukutani. Kazi yake ni kusaidia kubeba uzito wa kioo, ili mota isihangaike wakati wa kupandisha.

Springi hiyo imekazwa muda wote. Kinachoizuia isifyatuke ni gia ya mota peke yake. Gia ile imechongwa kama skrubu, hivyo mota inaweza kuisukuma mikono, lakini mikono haiwezi kuirudisha mota nyuma. Ukifungua skrubu tatu za mota, kizuizi kimeondoka. Mikono ya chuma inafyatuka kwa mkupuo mmoja, meno ya gia yanapita mbele ya vidole vyako, na kilicho katikati kinakatwa au kuvunjwa. Nimemwona kijana wa gereji aliyepoteza ncha ya kidole cha shahada namna hiyo. Alikuwa amefanya kazi ile miaka miwili bila mtu kumweleza.

Basi fanya hivi. Usitenganishe mota na mashine ndani ya mlango kama huna sababu. Toa vyote kwa pamoja, vikiwa vimefungamana, kupitia tundu kubwa la mlango. Utavizungusha kidogo hadi vipate njia. Viweke mezani. Kisha ifunge gia ya nusu mwezi pamoja na bati linaloibeba. Unaweza kuvibana vyote viwili kwenye jiliwa, au vaisi kama wanavyosema gereji. Unaweza pia kutoboa tundu moja linalopita kwenye gia na bati, mbali na meno, na kuingiza bolti yenye nati. Tikisa mikono uone kama imekufa kabisa. Ndipo ufungue mota. Ukishafunga mpya na skrubu zote tatu zimekaza, ndipo utoe bolti yako.

Kwa nini nilisema hapo juu usikimbilie kufungua mota ndani ya mlango? Kwa sababu hiyo hiyo. Ikibidi, kwa kuwa kioo kimekwama mahali ambapo bolti zake hazifikiki, bana kwanza mkono wa mashine kwa klampu imara, na mkono wako usiwe kwenye njia yake.

Kama huna jiliwa, huna drili, na ndiyo mara yako ya kwanza, nunua mashine iliyokuja na mota yake tayari. Utaepuka sehemu hii yote, na kwa maoni yangu tofauti ya bei ni ndogo kuliko kidole.

10. Mota peke yake, au vyote?

Kwa mashine ya kebo sisiti: badilisha seti nzima. Kebo ikianza kuchanika uzi mmoja, zingine zinafuata, na makapi ya plastiki yanakuwa yameshalika. Wanaoishi Pwani, Tanga hadi Mtwara, na Zanzibar, wana adui wa ziada, maana hewa ya chumvi hula kebo kimyakimya.

Kwa ya mikasi, itazame. Shika mikono uichezeshe kwenye pini zake. Angalia meno ya nusu mwezi, hasa yale ya mwisho ambayo hubeba kioo kikiwa juu, kwa kuwa gari hukaa vioo juu siku nyingi. Angalia vigurudumu. Kama vyote ni vizima, badilisha mota tu, safisha mashine kwa petroli, ipake grisi mpya nyeupe kwenye meno na pini, na itaishi miaka mingine. Chuma kile cha kiwandani mara nyingi ni kinene kuliko cha mashine mpya za bei rahisi.

11. Dukani, usikubali maneno matupu

Beba mota ya zamani mkononi. Iwe ni Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, mwenye duka anayekuuzia kwa kukadiria kwa macho anakuuzia bahati nasibu.

Angalia mambo haya. Upande: ya kulia na ya kushoto zimetengenezwa kama viganja vya mikono, hazibadilishani. Plagi: hesabu pini. Meno ya gia: yahesabu, na uyapime urefu kwa kuyasimamisha bega kwa bega.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Sisi Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia. Spea nyingi za mtumba hutoka Falme za Kiarabu, ambako usukani uko kushoto. Mashine ya kulia kutoka gari la huko ilikuwa ya abiria, si ya dereva. Chuma chake kitaingia kwenye mlango wako, lakini plagi yake inaweza kuwa na pini mbili wakati ya kwako ina zaidi. Ndugu zetu wa Kongo na Rwanda wanaoendesha gari za usukani wa kushoto hukutana na tatizo hilohilo wakinunua spea zilizotoka nchi za usukani wa kulia.

Na muuzaji akikuapia kwamba mashine ya Vigo aliyonayo ni "used ya Japani," muulize kwa adabu imefikaje huko. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikarudisha mwaka 2017. Vigo, iliyoanza kutengenezwa Thailand mwaka 2004, ilipitia katikati ya pengo hilo. Mtumba halisi wa Vigo hutoka Thailand, Afrika Kusini, Ghuba na kwingineko. Hilo halimaanishi ni mbovu. Linamaanisha tu kwamba bei ya "Japani" haina msingi.

Mwisho, omba betri palepale dukani. Mota ya pini mbili iunganishe, izungushe pande zote. Izunguke kwa sauti moja, isikwarue, isitoe harufu ya kuungua, na ibadilishe upande ukigeuza waya. Kama muuzaji hataki ijaribiwe, asante, tunaenda duka la pili.

12. Mtafute muuaji

Hiki ndicho kidokezo cha yule mzee, na kama utafuata kimoja tu, fuata hiki.

Kioo kinapanda ndani ya njia mbili za mpira, mbele na nyuma. Mpira ule ukiwa mpya una manyoya laini yanayokiruhusu kioo kiteleze. Barabara zetu zikishaujaza vumbi jekundu, vumbi likapata mvua, mvua ikapata jua la mchana, ndani ya njia ile kunajengeka kitu kama tofali. Kioo hakitelezi tena, kinasaga. Mota inavuta umeme mwingi zaidi kukisukuma, inapata joto, brashi zinalika, na hatimaye inakufa. Fundi anaweka mota mpya kwenye njia ileile, na hadithi inaanza upya. Ya kwangu ilianza upya ndani ya miezi mitatu.

Dalili hutangulia. Kioo kinapanda kwa kusitasita, kinakuwa kizito jua la mchana, au kinasimama kabisa ukikipandisha na kukishusha mara nyingi mfululizo, kisha kinapona chenyewe baada ya dakika chache. Huko kusimama ni kinga iliyomo ndani ya mota inayokata umeme joto likizidi. Mota inakuomba msaada.

Sasa mlango uko wazi na mashine iko nje. Bandua selotepu, shika kioo kwa mikono miwili, kipandishe na kukishusha. Mzee alinifanyisha jaribio hili mimi mwenyewe, na kioo changu kilikuwa kizito kama ninavuta ndoo kisimani. Kinatakiwa kipande kwa msukumo wa viganja bila kukaza misuli. Kisipofanya hivyo, usifunge mota mpya.

Toa mipira ya njia, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na mswaki wa zamani, isuuze hadi maji yatoke meupe, ianike kivulini. Futa chuma cha njia kwa kitambaa. Mpira uliochanika au uliokakamaa kama ngozi ya ngoma, nunua mwingine. Ukishakauka, upulizie silikoni. Usipake oili ya injini wala grisi kwenye mpira, kwani oili huvimbisha mpira, na grisi hukamata vumbi na kulifanya msasa. Grisi ni ya chuma kwa chuma tu.

Siku ile tulitumia saa nzima kwa mipira na dakika ishirini tu kwa mota. Hiyo ndiyo mota iliyopo kwenye mlango wangu hadi leo.

13. Kaza mwishoni, jaribu, kisha mwaga maji

Ukirudisha, bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Unganisha mota, pandisha kioo hadi juu kabisa kijikalishe chenyewe kwenye njia zake, ndipo ukaze bolti za mashine. Ukikaza kioo kikiwa chini, kitapanda kimepinda na kuacha mwanya pembeni, na huo mwanya utaulipia kwa upepo ukifika kilomita 80 kwa saa. Bado kikipinda, legeza bolti za reli fupi inayoshikilia mkono wa pili, nyoosha, kaza.

Kipandishe na kukishusha mara tatu nne, si ishirini, maana mota mpya nayo hupata joto. Kama swichi ya dereva ina mguso mmoja na imesahau kazi yake baada ya betri kutolewa, pandisha kioo hadi mwisho na uendelee kushikilia swichi kwa sekunde chache ndipo uachie. Kwenye gari lenye kinga ya kubana, ijaribu kwa taulo lililoviringwa, kamwe si kwa mkono, wala mtoto asiwe karibu.

Bandika nailoni, hakikisha ukingo wake wa chini umeingia upande wa ndani wa mlango ili maji yarudi mlangoni na si kwenye zulia. Kabla ya kava, chukua mti mwembamba uchokonoe vitundu vya chini ya mlango, kwa sababu tope huziba hapo. Funga kioo, mwaga ndoo ya maji juu yake kutoka nje, uchungulie chini. Maji yakitoka kwenye vitundu kwa mfereji na nailoni ikabaki kavu upande wako, rudisha kava na klipu zake zote.